Elektroni za ganda la nje: namna ya kuzipata kutoka namba atomia, na mahali ambapo kanuni inavunjika

Jedwali la elementi lina elementi 118, na hakuna mtu anayekariri mpangilio wa elektroni wa zote. Haina haja. Ukishika namba saba kichwani na ukajua kutoa na kujumlisha, unaweza kuandika elektroni za nje za elementi yoyote ya makundi makuu bila kuchungulia kitabu. Kazi ngumu ni kujua pale ambapo njia hii inaanza kudanganya. Mwongozo huu unaanzia kiwango cha Kidato cha Pili na kufika mahali ambapo wanafunzi wa Kidato cha Tano hujikwaa.

Kwanza, malizana na namba za makundi

Vitabu vingi vya sekondari vya Tanzania na Kenya vina makundi manane tu, I hadi VIII, na la mwisho wengine huliita kundi 0. Si kosa: madarasa ya chini yanashughulika zaidi na elementi 20 za mwanzo, na kati ya hizo hakuna metali ya mpito (metali za katikati ya jedwali) hata moja. Majedwali mengi ya mtandaoni hutumia 1 hadi 18, mfumo wa IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia. Kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine ni rahisi: I na II hubaki 1 na 2, kisha III hadi VIII zinakuwa 13 hadi 18. Yaani klorini ya kundi VII kwenye daftari ndiyo klorini ya kundi 17 kwenye simu.

Ukikutana na jedwali la zamani lenye herufi A na B, kuwa mwangalifu. Wamarekani walipoandika IIIA walimaanisha kundi la alumini; majedwali ya Ulaya ya enzi hizo yaliandika IIIA kwa kundi la skandiamu. Ni alama ileile kwa makundi mawili tofauti, na ndiyo sababu namba 1 hadi 18 zikaletwa. Hapa tutatumia hizo.

Hatua ya 1: toa gesi adimu iliyo nyuma

Namba za kukariri ni hizi: 2, 10, 18, 36, 54, 86, 118. Ni namba atomia za heli, neoni, agoni, kriptoni, zenoni, radoni na oganesoni. Chukua namba atomia ya elementi yako, tafuta gesi adimu iliyo karibu zaidi kwa chini yake, kisha toa. Baki tuliite b.

Gesi uliyoitoa inakuambia kipindi, yaani mstari wa mlalo wa jedwali. Ukitoa heli uko kipindi cha 2, neoni cha 3, agoni cha 4, kriptoni cha 5, zenoni cha 6, radoni cha 7. Baki nalo linakupa kundi:

- b ikiwa 1 au 2, kundi ni b, kipindi chochote kiwacho.
- Kipindi cha 2 na 3, b ikiwa 3 hadi 8: kundi ni b + 10.
- Kipindi cha 4 na 5: kundi ni b yenyewe, bila kuongeza wala kupunguza.
- Kipindi cha 6 na 7, b ikianzia 18: kundi ni b − 14. Kati ya 3 na 17 uko kwenye eneo la f au mpakani mwake, tutalipitia kwa haraka baadaye.

Jaribu salfa, namba 16. Toa neoni: 16 − 10 = 6. Kipindi cha 3, kundi 16. Bromini, 35: toa agoni, unapata 17, basi kundi ni 17. Risasi, 82: toa zenoni, 28, punguza 14, kundi 14. Bariamu, 56: toa zenoni, 2, kundi 2.

Kosa la kawaida hapa ni kwa gesi adimu zenyewe. Mtu anachukua agoni, 18, anatoa 18, anabaki na sifuri na kukwama. Gesi adimu hutolewa ile iliyoitangulia: 18 − 10 = 8, kundi 18.

Haidrojeni na heli hazina gesi adimu nyuma yao, kwa hiyo ziandike moja kwa moja: 1s¹ na 1s² (namba ya mbele ni ganda, herufi ni ganda dogo ndani yake, namba ya juu ni idadi ya elektroni). Heli ndiyo inayowachanganya watu. Ina elektroni mbili za nje kama magnesiamu, lakini haikai kundi la 2, imewekwa juu ya neoni. Sababu ni kwamba ganda la kwanza halina nafasi zaidi ya mbili. Heli imejaa, magnesiamu bado. Kuwa na hesabu moja ya elektroni hakutoshi, lazima uangalie pia nafasi zilizobaki. Haidrojeni iko kundi la 1 kwa sababu ya 1s¹ yake, ila si metali, na chochote utakachosema kuhusu tabia za sodiamu na wenzake usiibebeshe haidrojeni.

Hatua ya 2: andika elektroni za nje

Herufi n hapa ni namba ya kipindi. Kwa makundi makuu, orodha yote ni hii:

Kundi 1: ns¹
Kundi 2: ns²
Kundi 13: ns² np¹
Kundi 14: ns² np²
Kundi 15: ns² np³
Kundi 16: ns² np⁴
Kundi 17: ns² np⁵
Kundi 18: ns² np⁶

Ukitaka idadi tu, kwa makundi 13 hadi 18 toa 10 kwenye namba ya kundi. Kundi 15 lina elektroni 5 za nje, kundi 17 lina 7. Salfa ni 3s² 3p⁴, bromini ni 4s² 4p⁵, risasi ni 6s² 6p². Kwa maswali mengi ya tabia za kikemia, hapa ndipo kazi inapoishia.

Hatua ya 3: jaza katikati, kisha hakiki kwa kujumlisha

Ukiombwa mpangilio kamili, unahitaji mfuatano wa kujaza:

1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p, 5s, 4d, 5p, 6s, 4f, 5d, 6p, 7s, 5f, 6d, 7p

Huna haja ya kuukariri kama shairi. Kila ganda dogo lina namba mbili: n, na namba ya herufi yake (s ni 0, p ni 1, d ni 2, f ni 3). Zijumlishe. Lenye jumla ndogo hujazwa kwanza. Jumla zikilingana, lenye n ndogo hutangulia. 4s ni 4 + 0 = 4, na 3d ni 3 + 2 = 5, kwa hiyo 4s hutangulia. 3d na 4p zote ni 5, basi 3d hutangulia. Nafasi ni 2 kwa s, 6 kwa p, 10 kwa d, 14 kwa f.

Tufanye bati, namba 50, hatua kwa hatua. Gesi ya nyuma ni kriptoni, 36, baki 14. Kipindi cha 5, kundi 14, kwa hiyo za nje ni 5s² 5p². Hizo ni nne. Zimebaki 14 − 4 = 10, na baina ya 5s na 5p kwenye mfuatano ipo 4d yenye nafasi 10. Mpangilio ni [Kr] 4d¹⁰ 5s² 5p², ambapo [Kr] inasimama badala ya elektroni zote 36 za kriptoni.

Sasa uugeuze kuwa mtindo wa maganda, ule ambao Tanzania wengi huuandika 2:8:1 na Kenya 2.8.1. Kusanya kwa namba ya ganda, si kwa mfuatano wa kujaza. Kriptoni yenyewe ni 2:8:18:8. Ganda la nne lilikuwa na 4s² 4p⁶, yaani 8. Sasa limeongezewa 4d¹⁰ na kuwa 18. Ganda la tano lina 4. Jibu: 2:8:18:18:4. Jumlisha: 2 + 8 + 18 + 18 + 4 = 50. Imelingana na namba atomia. Jumla isipolingana, umekosea kuhesabu. Ila jumla haikamati kila kosa: ukipata 2:8:18:8:14 jumla bado ni 50, lakini umeiweka 4d kwenye ganda la tano kwa kuwa imejazwa baada ya 5s. Namba iliyo mbele ya herufi ndiyo inayosema ganda, mahali ilipo kwenye mfuatano hapahusiki.

Risasi kwa njia hiyohiyo: [Xe] 4f¹⁴ 5d¹⁰ 6s² 6p², kwa maganda 2:8:18:32:18:4. Jumla 82.

Kwa nini potasiamu si 2:8:9

Hili linastahili kusimama kidogo, maana kila mwaka darasa jipya huliuliza, na jibu wanalopewa mara nyingi ni baya.

Ganda la tatu lina nafasi 18: s mbili, p sita, d kumi. Agoni ni 2:8:8, kwa hiyo ganda lake la tatu halijajaa. Limejaza s na p tu. Ukimwambia mwanafunzi kwamba ganda la tatu hubeba 8, utamsaidia hadi kalsiamu na kumvuruga akifika skandiamu. Ukweli ni kwamba elektroni ya 19 ya potasiamu inakuwa na nishati ndogo zaidi ikikaa 4s kuliko ikikaa 3d. Elektroni ya s hupenya karibu na kiini, ikaonja mvuto wa protoni ambao elektroni za ndani zimewakinga wenzake; ya d haipenyi hivyo. Basi inakaa 4s, na potasiamu inakuwa 2:8:8:1. Kalsiamu inajaza 4s² na kuwa 2:8:8:2. Kuanzia skandiamu, namba 21, ndipo 3d inaanza kujaa.

Hapo pia utaona kwa nini umbali kati ya wanakundi haulingani. Shuka kundi la 1: 3, 11, 19, 37, 55, 87. Hatua ni 8, 8, 18, 18, 32. Shuka kundi la 17: 9, 17, 35, 53, 85. Hatua ni 8, 18, 18, 32. Kutoka sodiamu kwenda potasiamu unaruka 8, lakini kutoka klorini kwenda bromini unaruka 18, ingawa zote mbili zinatoka kipindi cha 3 kwenda cha 4. Elementi kumi za 3d zimeingia katikati, baada ya kundi la 2 na kabla ya kundi la 13. Kwa hiyo ile mbinu ya "ongeza 8 upate ndugu yake" inafaa ndani ya elementi 20 za kwanza tu.

Hatua ya 4: uthibitishe kwa nishati za kung'oa elektroni

Mpangilio wa elektroni hupimwa. Ukiwa na nishati za kung'oa elektroni moja baada ya nyingine kutoka atomu, katika kilojuli kwa moli, unaweza kusoma kundi bila kuambiwa jina la elementi. Sodiamu: ya kwanza 496, ya pili 4562. Ya kwanza ilitoka 3s, ya pili imetoka ganda la pili, karibu zaidi na kiini. Magnesiamu: 738, 1451, kisha 7733. Mruko umekuja baada ya mbili, basi kundi 2.

Alumini ndiyo yenye mtego: 578, 1817, 2745, 11577. Anayetafuta mruko kwa kugawanya ataona kwamba ya pili ni zaidi ya mara tatu ya ya kwanza, na kwa haraka ataandika kundi la 1. Tumia tofauti badala ya uwiano: 1239, 928, 8832. Mruko wa kweli ni baada ya elektroni ya tatu, kundi 13. Ile 578 ni ndogo kwa sababu elektroni ya kwanza kutoka iko peke yake kwenye 3p, juu kidogo ya zile mbili za 3s.

Alama hiyohiyo ya maganda madogo huonekana ukitembea kwa mlalo kipindi cha 2. Kwa kawaida nishati ya kwanza hupanda kuelekea kulia, lakini beriliamu ni 900 na boroni 801: boroni imeanza 2p. Naitrojeni ni 1402 na oksijeni 1314: elektroni ya nne ya 2p ya oksijeni imelazimika kukaa na mwenzake kwenye obitali moja (chumba chenye nafasi ya elektroni mbili), zinasukumana, na kuing'oa kunakuwa rahisi. Mwenye mtindo wa 2:6 tu hana namna ya kueleza mishuko hii miwili. Kwa ajili hiyo Kidato cha Tano huanza s na p.

Kwa wima, kundi la 1 linashuka: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidiamu 403, sesiamu 376. Elektroni ya nje ni moja kwa zote, ila iko mbali zaidi na kiini kila unaposhuka.

Hiyo elektroni moja unaweza kuiona kwa macho. Nyunyiza chembe za chumvi kwenye mwali wa buluu wa jiko la gesi: mwali unageuka manjano. Joto limeinua elektroni ya 3s ya sodiamu hadi 3p, na inaporudi inatoa mwanga wa urefu wa mawimbi karibu nanomita 589. Lithiamu ikiwa na 2s¹ hutoa nyekundu, potasiamu yenye 4s¹ zambarau hafifu. Ukijaribu chumvi ya potasiamu na ukaona manjano, usishangae: sodiamu kidogo tu iliyomo kama uchafu inatosha kuifunika zambarau, na ndiyo maana maabara hutazama mwali huo kupitia kioo cha buluu cha kobalti.

Hatua ya 5: kutoka elektroni hadi vifungo na ioni

Chora visanduku: kimoja cha s, vitatu vya p. Weka elektroni za p moja moja kila kisanduku kabla ya kuanza kuziweka mbili mbili. Kundi 15 linakuwa na tatu zilizo peke yake, na naitrojeni hufunga vifungo vitatu. Kundi 16 lina jozi moja na mbili za peke yake, oksijeni hufunga viwili. Kundi 17, moja, kifungo kimoja. Ukichora vitone kuzunguka alama ya elementi, kanuni ni ileile kwa pande nne: kimoja kimoja kwanza, kisha jozi. Heli peke yake ndiyo huandikwa na vitone viwili upande mmoja.

Kaboni itakubishia. 2s² 2p² inaonyesha mbili tu za peke yake, lakini methani ina vifungo vinne. Elektroni moja ya 2s huhesabiwa kama imepandishwa hadi obitali ya 2p iliyokuwa tupu, zinakuwa nne za peke yake, na gharama ya kuipandisha inarudishwa kwa faida na vile vifungo viwili vya ziada.

Naitrojeni na fosforasi zote ni ns² np³. Hata hivyo fosforasi ina PCl₃ na PCl₅, naitrojeni ina NCl₃ tu. Atomu ya naitrojeni ni ndogo mno, haiwezi kuzungukwa na klorini tano, na ganda lake la pili halina d. Kwa hiyo kundi linakupa idadi ya elektroni, ila juu ya kundi, kipindi cha 2, tabia mara nyingi huwa ya pekee.

Kuhusu ioni: makundi 1, 2 na alumini hupoteza za nje zote, makundi 16 na 17 hupokea mpaka zitimie nane. Na⁺ ni 2:8, Cl⁻ ni 2:8:8. Usiandike kwamba sodiamu "imekuwa neoni". Elektroni zimelingana na za neoni, lakini protoni bado ni 11. Na usiseme ganda la tatu la Cl⁻ "limejaa": lina 8 kati ya 18.

Chini ya makundi 13, 14 na 15: jozi isiyotaka kutoka

Kwa hesabu ya kundi, thaliamu inapaswa kutoa elektroni tatu, risasi nne, bismuthi tano. Kwenye uhalisia thaliamu hupendelea 1+, risasi 2+, bismuthi 3+. Kila mara upungufu ni mbili, na hizo mbili ni za 6s. Elektroni za 6s zimeshikwa kwa nguvu kuliko unavyotegemea: 4f na 5d zilizojaa kabla yake hazizikingi vizuri na mvuto wa kiini, na kwa atomu nzito kama hizi kasi ya elektroni karibu na kiini inaongeza mshiko huo. Bati lililo juu ya risasi lina 2+ na 4+, na 4+ yake ni imara. Kwa risasi mambo yamepinduka.

Betri ya gari inaishi kwa tofauti hiyo. Bamba chanya lina oksaidi ya risasi yenye 4+, bamba hasi lina risasi tupu, na betri ikitumika zote mbili zinaelekea salfeti ya risasi yenye 2+. Risasi ya 4+ inazitaka zile elektroni mbili za 6s zirudi. Kwa hiyo unapoandika ioni za kundi 14 usiweke 4+ kwa zote kwa mkupuo.

Eneo la d: hapa namba ya kundi hubadilisha maana

Kundi la 8 halina elektroni nane za nje. Kwa makundi 3 hadi 12, ganda la nje huwa na mbili kwa kawaida, ns², na zinazoongezeka zinaingia kwenye d ya ganda lililo ndani yake. Chuma, namba 26: 26 − 18 = 8, kundi la 8, mpangilio [Ar] 3d⁶ 4s², kwa maganda 2:8:14:2. Namba ya kundi hapa ni jumla ya s na d: 6 + 2 = 8. Anayetoa 10 kwenye kundi la 12 akaandika kwamba zinki ina elektroni 2 atapata jibu sahihi kwa bahati. Akifanya hivyo kwa kundi la 11 atapata 1, tena kwa bahati, lakini kwa la 8 atapata hasi mbili.

Kwa nusu ya kwanza ya eneo hili jumla hiyo pia hukuambia hali ya juu kabisa ya uoksidishaji: titaniamu 4, vanadiamu 5, kromiamu 6, manganizi 7 (ile ya pamanganeti ya potasiamu). Kuanzia chuma kwenda mbele, sahau kanuni hiyo kwa kipindi cha 4.

Kisha kuna wakaidi. Kromiamu, 24, ni [Ar] 3d⁵ 4s¹, si 3d⁴ 4s². Shaba, 29, ni [Ar] 3d¹⁰ 4s¹. Maelezo yanayotolewa ni kwamba d iliyojaa nusu au kujaa kabisa ina uimara wa ziada, na kwa mtihani yanatosha. Ila usiyafanye sheria. Molibdenamu chini ya kromiamu inafuata, 4d⁵ 5s¹. Tangsteni chini yake haifuati, ni 5d⁴ 6s². Kundi la 10 ndilo linalofurahisha zaidi: nikeli ni 3d⁸ 4s², paladiamu ni 4d¹⁰ bila chochote kwenye 5s, platinamu ni 5d⁹ 6s¹. Elementi tatu za kundi moja, mipangilio mitatu. Paladiamu ndiyo pekee ambayo kipindi chake, cha 5, hakilingani na ganda lake la nje lenye elektroni. Kundi la 11 angalau linaelewana: shaba, fedha na dhahabu zote ni d¹⁰ s¹.

Kwa hizi hakuna njia ya mkato. Kromiamu na shaba zikariri. Niobiamu, rutheniamu, rodiamu, paladiamu na platinamu zitazame kwenye jedwali unapozihitaji.

Ioni za eneo la d zina kosa moja linalorudiwa kuliko mengine yote: kung'oa 3d kwanza kwa kuwa ndiyo iliyojazwa mwisho. Zinazotoka kwanza ni za 4s, kwa kuwa ndizo za ganda la nje. Fe²⁺ ni [Ar] 3d⁶, wala si [Ar] 3d⁴ 4s². Fe³⁺ ni [Ar] 3d⁵. Cu²⁺ ni [Ar] 3d⁹, Zn²⁺ ni [Ar] 3d¹⁰. Ushahidi wa hizo mbili za mwisho uko dukani: mrututu, salfeti ya shaba yenye maji, ni wa buluu kwa sababu 3d⁹ ina nafasi moja ya elektroni kurukia inapofyonza mwanga, wakati salfeti ya zinki ni nyeupe kwani 3d¹⁰ haina nafasi iliyobaki.

Eneo la f, elementi 57 hadi 71 na 89 hadi 103, kwa mwanafunzi ni fupi: nyingi zina ns² nje, 4f au 5f zinajaa ndani sana, na karibu lanthanidi zote hutoa 3+. Majedwali hayakubaliani kama chini ya skandiamu na itriamu ikae lanthanamu au lutetiamu; mtihani ukikuuliza, fuata jedwali uliloambatanishiwa.

Jipime

Funika majibu. Andika kundi, elektroni za nje na mtindo wa maganda kwa namba 35, 38, 51, 79 na 81, kisha ioni Fe³⁺ kwa maganda.

35, bromini: kundi 17, 4s² 4p⁵, 2:8:18:7.
38, strontiamu: kundi 2, 5s², 2:8:18:8:2. Ukiandika 2:8:18:10, umerudi kwenye kosa la potasiamu.
51, antimoni: kundi 15, 5s² 5p³, 2:8:18:18:5.
81, thaliamu: kundi 13, 6s² 6p¹, 2:8:18:32:18:3, na ioni yake ya kawaida ni 1+.
Fe³⁺: 2:8:13, jumla 23, yaani 26 kasoro tatu.
79, dhahabu: 79 − 54 = 25, punguza 14, kundi 11. Hesabu ya kawaida ingekupa 5d⁹ 6s²; iliyo sahihi ni [Xe] 4f¹⁴ 5d¹⁰ 6s¹, yaani 2:8:18:32:18:1.